Kifua cha Wagonga Kokoto

Hospitali zilitibu maumivu yale tu yaliyosimuliwa katika tafiti arobaini zilizochaguliwa kila mwaka, na mchaguzi alikuwa Sikudhani. Utafiti wa mwisho ulihusu kifua cha wagonga kokoto, ugonjwa wa mama yake. Aliusoma mara tatu. Maelezo ya wagonjwa yalikuwa haba mno.

"Mama, yule mtafiti alipokuuliza hali, ulimjibu nini?"

"Sijambo, namshukuru Mungu. Mgeni kaja na sukari yake, nimpokee kwa vilio?" Mama alicheka, kicheko kikageuka kikohozi. "Na wenzangu walijibu vivyo hivyo. Sisi tumelelewa."

Sikudhani alimshika mgongo mpaka akatulia. Kisha akauweka utafiti kando, akaandika sababu: wahojiwa hawakulalamika.

"Umetuchagua, mwanangu?"

"Kunywa maji, mama."