Ngoma ya Hema la Ngumi

Watalii walifika mji ule wa vumbi jekundu kwa jambo moja: kupanda ulingoni, ndani ya hema, wapigane na Merv. Mkewe Hazel ndiye aliyepiga ngoma. Ikienda taratibu, Merv alimchezea mgeni tu; ikienda mbio, alimpiga kwelikweli. Miaka yote ilikuwa ikienda taratibu.

Siku hiyo Hazel alikuwa akimfunga glavu mgeni mmoja mcheshi.

“Barabara yenu naijua, mama,” mgeni akasema. “Mwaka juzi niligonga kangaruu pale penye tangi la maji.”

“Ulisimama?”

“Kwa kangaruu?”

Mwaka juzi, penye tangi lile, ndipo walipouokota mwili wa Ivy, binti yao, aliyegongwa na gari lisilosimama.

Hazel akakaza fundo, akaiendea ngoma, akaipiga mbio.

Merv akageuka kumtazama. Ngoma haikupoa. Ngumi ya kwanza ikamvunja mgeni pua, ya pili ikamlaza kwenye kamba, na damu ikarukia viti vya mbele. Watu wakashangilia. Mgeni akapiga magoti, akainua mkono kuomba yaishe. Merv akasita, akamtazama tena mkewe.

Kirungu cha ngoma kikamkatikia Hazel mkononi. Akaendelea kwa viganja.