Sauti ya Brigedia Nyamizi

Brigedia Nyamizi, mwanamke wa kwanza kuongoza brigedi nchini, alipostaafu alirudisha sare, lakini sauti yake ilibaki jeshini. Kisheria, sauti ya kamanda ilikuwa mali ya jeshi, na mashine iliendelea kuitumia kutoa amri.

Asubuhi moja aliisikia kwenye kipaza sauti cha gari la jeshi, ikiamuru nyumba za jirani zake zibomolewe. Akatoka mbio.

"Acheni! Sijaamuru mimi!"

Sajenti aliyefunzwa na Nyamizi mwenyewe akapiga saluti. "Samahani, afande. Tunamtii Brigedia."

"Brigedia ni mimi!"

Ukuta wa kwanza ukaanguka. Jirani yake, Mama Shija, akapita na godoro kichwani. Nyamizi akalishika amsaidie.

"Usiniguse," Mama Shija akafoka. "Nimekusikia kwa masikio yangu."