Mkono wa Mpira

Mkono ulikuwa wa mpira, lakini matusi yalikuwa ya kweli.

"Mbona unanikodolea macho kama mjusi aliyebanwa na mlango?" alifoka mama aliyeketi kwenye kiti cha wagonjwa. "Inawaka! Fanya kazi!"

Mkono huo bandia ulikuwa umefungwa juu ya mkono wake wa kulia, na shuka likaufunika huo wake wote mpaka begani. Maji mekundu ya dripu, mfano wa dawa ya saratani, yalikuwa yakivujia chini ya ngozi ya mpira, nayo ikituna.

Muuguzi akafunga dripu. Tangu mgonjwa mmoja aungue kwa dawa iliyovuja katika zamu yake, alikuwa ameondolewa wodi ya saratani na kutupwa stoo kukunja mashuka, mtu mzima na cheti chake. Leo akifaulu mtihani huu wa kuigiza, anarudi wodini. Akishindwa, atastaafu na mashuka yake.

"Ichomoe hiyo sindano, we bwana! Unangoja nichomoe kwa meno?"

"Bado, mama. Kwanza niivute dawa iliyomwagika."

Alichomeka bomba tupu la sindano, akavuta taratibu. Ndipo akatoa sindano.

"Basi nikande! Nisugue! Au unaogopa kuchafua mikono?"

"Nikikukanda itasambaa." Akachora kwa kalamu ukingo wa uvimbe, akauinua ule mkono juu ya mto uliokuwa mezani.

Matroni, aliyesimama pembeni na miwani puani, akauliza, "Barafu au maji ya moto?"

Muuguzi aliutazama mfuko wa dripu. Dawa nyingine hutaka joto, na kosa hapo ni kosa kweli.

"Kwa hii nyekundu, barafu. Na daktari aitwe sasa hivi."

"Sasa hivi!" Yule mama alicheka kwa dharau. "Ngozi imeshaiva ndiyo unakumbuka daktari. Ulikuwa wapi ilipoanza kuniwasha? Unachati?"

Huyu mwigizaji wamemwokota wapi, muuguzi alijiuliza. Angeambiwa alie kidogo, angebomoa paa. Hata hivyo alijibu kwa upole, "Nisamehe, mama. Ukisikia chochote, niite, hata kama ni mara mia."

Mama alimtazama kwa chuki isiyo na mfano.

"Kwangu amefaulu," alisema matroni. "Mama, nawe unasemaje?"

Muuguzi alishangaa mwigizaji kuulizwa, lakini furaha ilikuwa imemjaa. Akanyoosha mkono. "Asante, mama. Umeigiza mpaka nimetetemeka."

"Nani kaigiza?"

Mama alivuta shuka, akafungua kamba, mkono wa mpira ukaanguka sakafuni. Wake ukabaki mezani: kovu linalong'aa mgongo mzima wa kiganja, vidole viwili vimejikunja, havinyooki tena.

Muuguzi aliutazama ule uso. Kimawazo akauondolea zile nywele, akauondolea yale mashavu yaliyonenepa. Akaurudisha mkono aliokuwa ameunyoosha.

"Nilikwambia inawaka," alisema yule mama. "Ukanijibu ndiyo dawa inafanya kazi, nivumilie."

Kisha akamgeukia matroni.

"Mrudisheni wodini. Ugonjwa umenirudia, na dozi naanza Jumatatu." Akauweka mezani mkono wa kushoto. "Huu uliobaki, anichome yeye."