Lango la Grauwitz Halifunguliwi Wakati wa Misa

"Fungua, Wiprecht! Fungua, nakufa mimi!"

Meya Volkmar alilipiga lango kwa ngumi mpaka vifundo vikachubuka. Ndani ya Grauwitz kengele ya misa ilikuwa inalia, na Jumapili hiyo ndiyo ya kumwapisha tena. Ikinyamaza hajafika kanisani, kiti kinakwenda kwa Lambrecht mpika bia. Na yote kwa sababu ya bata bukini wa Askofu, ambaye Volkmar alitoka mjini tangu jana kwenda kumla. Tamaa mbele, mauti nyuma!

Bawabu akachungulia kwenye dirisha la juu ya lango, anakoishi na mkewe.

"Mheshimiwa, misa ikiitwa lango halifunguliwi. Sheria yako hiyo, umeipiga muhuri mwenyewe."

"Mimi ndiye Meya, mpumbavu we!"

"Uliandika: hata Meya. Nikifungua natolewa nyumba hii, na Hiltrud ana mimba. Nitamlaza wapi?"

Lango lenyewe, jamani, halikuwa la mchezo. Mwaloni mtupu, misumari minene kama vidole gumba. Zama za mababu, mfalme alilizingira kiangazi kizima, akarudi kwao anaharisha. Volkmar alijisifia hilo kila sikukuu. Leo alilichukia.

Hiltrud akamletea bakuli la supu ya kabichi. "Kunywa, baba, umepauka."

"Mama, niombee kwa mumeo!"

"Nimeomba. Kichwa chake kigumu kuliko hilo lango." Akachukua bakuli tupu, akarudi jikoni.

"Si upite kwingine?" Wiprecht alishauri.

"Meya akiingia mjini bila kupita langoni, si Meya tena! Unataka niingie kama mbuzi?"

"Aa, hiyo nayo sheria yako."

Kengele ikanyamaza. Volkmar akaketi chini akalia, kilio cha kweli, kamasi mpaka kwenye mkufu wa dhahabu wa umeya.

Misa haijaisha, Lambrecht huyo, ameshaapishwa, meno yote nje. Akamvua mkufu, akauvaa. "Pole, kaka. Sasa huna cheo, pita utakako."

Volkmar akafuta pua. Akaizunguka nguzo ya lango, akaingia mjini kwenye majani wanakolishia bata, pale ulipokuwa ukuta kabla hajauza mawe yake yote. Nyuma yake akamsikia Meya mpya akipiga ngumi: "Fungua, Wiprecht! Fungua, nakufa mimi!"