Namba Nane Kwenda Chini

"Fumbo hili la maneno likitushinda, chama kinavunjwa leo," alitangaza Mzee Usumani, mwenyekiti, kwa sauti ya hotuba. Chama chenyewe kilikuwa watu watatu na penseli moja, nyuma ya cherehani yake pale Gatsata.

Shimwa, aliyerudi likizo kutoka shule ya bweni, aliinamisha kichwa kwa huzuni ya kanisani. Fumbo lile alilichapa mwenyewe shuleni, akalileta kwa mzaha akisema ni la gazeti la Dar. Namba nane kwenda chini hakuitungia jibu lolote: "Ndege wa bweni hunywa chai bila kikombe. Herufi sita."

Lakini chama kivunjwe? Jumapili angekwenda wapi?

Mama Mukarugwiza alilamba ncha ya penseli. "Maneno ya kulala, yale ya kwenda kando, yametupa herufi mbili. Ya tatu iko I, ya nne iko M."

"Na hapa nani anakaa bweni?" Usumani aliuliza taratibu.

Penseli ikaanza kushuka. S, halafu H. Shimwa alizitazama herufi moja moja hadi A. Jina lake lilikaa kwenye miraba kama shati la kupimwa.

"Kijana, nani alitunga hii?"

"Mimi, Mzee. Lakini naapa sikujua kama ina jibu."