Kuaga Kila Asubuhi

“Funga tena,” Fundi alisema.

“Nimeshafunga mara tatu, mzee wangu.”

“Bado linadondoka. Siku nimekufa, bomba hili likapasuka, nani atakufungia?”

Mkewe akaishika koki kwa mikono miwili, akaisokota mpaka maji yakakatika, kisha akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akihema. Fundi akatikisa kichwa. Mwanafunzi mzito huyu.

Miaka minne ilikuwa imepita tangu moyo umgomee juu ya paa la mteja, akiunganisha tangi. Daktari alimwambia bila kumficha: jiandae. Naye akajiandaa kama alivyofanya kazi zake zote, bila kulipua. Kila asubuhi alinyoa ndevu, akavaa fulana safi ili watakaomwosha wasimcheke, akatandika kitanda, akatoka kwenda kumwomba radhi jirani.

“Leo unakufa saa ngapi, Fundi?” jirani alimuuliza siku moja. “Nina safari, nisije nikakosa mazishi.”

Fundi hakucheka. Alikuwa amechoka. Kufa kila siku ni kazi isiyo na likizo.

Aliyemkosesha usingizi ni mjukuu, msichana wa miaka mitano waliyeachiwa na marehemu binti yao. Ndiyo maana alimfundisha mkewe kila kitu: swichi kuu, mtungi wa gesi, ofisi ya maji. Lakini mama wa watu alikuwa kama hayupo. Akianza jambo aliliacha njiani, mchana akasinzia. Tena badala ya kujifunza, yeye ndiye akamng’ang’ania Fundi: hebu msuke mtoto nywele, hebu mkorogee uji, hebu soma hapa, dawa yake ya kifua anakunywa vijiko vingapi?

“Nifundishwe mimi ninayeondoka?” Fundi alifoka.

Hata hivyo alisuka. Vidole vilivyozoea spana vilihangaika, mistari ikaenda upogo, mtoto akajitazama kwenye kioo na kusema, “Babu, umeniharibu.” Mkewe alicheka mpaka akashika mbavu.

Jumatatu Fundi akaenda kliniki. Daktari alimsikiliza kifua, akatazama picha, akamsikiliza tena.

“Mzee, sikutegemea hili. Moyo wako umetulia kabisa. Usipoacha dawa, nakuona ukifika themanini.”

Fundi alirudi nyumbani nusu akikimbia. Alimkuta mkewe jikoni, ameegemea ukuta. Akamweleza yote kwa pumzi moja, akangoja vigelegele.

Mkewe aliushika mkono wake, akauweka shavuni. Machozi yalimtiririka, lakini uso ulikuwa wa mtu aliyetua mzigo.

“Mungu ashukuriwe,” akasema. “Basi mtoto atabaki na mtu. Mimi daktari wangu ameniambia sivuki mwezi huu.”