Kisima cha Mama Mkwe

Celestine aliliona kosa lake akiwa ameketi uani kwa mama mkwe wake, kompyuta magotini.

Wiki nzima alikuwa akitafuta kisima cha zamani kilichofukiwa na mafuriko. Alikuwa na picha ya eneo lao la Otonglo iliyopigwa kutoka kwenye ndege miaka mingi iliyopita, na alikuwa ameilaza juu ya ramani ya leo kwa kufuata alama tatu, mojawapo kona ya kanisa. Vijana wa boma walichimba mara mbili wakaambulia vumbi.

Kumbe kanisa lilijengwa upya, ng'ambo ya barabara.

Safari hii aliiacha kona ya kanisa, akachagua mwamba mkubwa nyuma ya shule. Mwamba haukuwa umehama. Aliubofya kwenye picha, akaubofya kwenye ramani. Picha ikateleza kidogo, ikatulia. Vijia vyembamba vya miguu, vyeupe kama nyuzi, vilikutana kwenye duara dogo jeusi.

Kwenye ramani ya leo, duara hilo la kisima lilikuwa ndani ya jiko jipya la mama mkwe, lililoezekwa mabati juzi tu.

"Nyar Muhoroni!" mama mkwe aliita kutoka humo jikoni, akimtania kwa jina la alikozaliwa. "Leo ramani yako inatupeleka wapi? Busia?"

Celestine alitamani kuifunga kompyuta. Kisha akaiona mitungi mitupu mlangoni.

"Mama, ni hapo uliposimama."

Mama mkwe alitazama chini, akatazama mabati yake, halafu akacheka hadi akashika ukuta.

"Waite vijana na majembe yao," alisema. "Ngoja tu niepue samaki."